Nilisogeza alama, mkwe wangu akabeba lawama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa kusema kweli mimi si mtu wa kuomba msaada, watu ndio hunifuata mimi, na kama unabisha uliza mtaa mzima ni nani aliyeandika kibao cha posta, cha soko, cha kituo cha polisi na cha yule daktari wa meno ambaye mwenyewe alishakufa lakini kibao chake bado kinang'aa. Ni mimi. Kwa brashi, bila rula, nimesimama juu ya ngazi na upepo unavuma. Wateja walianza kuniita Mzee Mkono hata kabla sijazeeka, na jina hilo sikujipa mwenyewe.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo ukiona maneno yamekwenda mbali bila kupumzika nivumilie, shule mimi niliipita kwa nje. Herufi moja moja nazijua kuliko mwalimu yeyote, najua ipi ina tumbo na ipi ina mabega, ila zikikusanyika nyingi pamoja zinanichosha, naandika kibao kikubwa kama ukuta bila jasho lakini hii barua nimeianza asubuhi na chai imeshapoa, nimeinuka kuipasha na imepoa tena.

Nina binti, mtoto wangu wa mwisho, ndiye aliyebaki nami karakana, wateja wanamwita Bosi mbele yangu na mimi nanyamaza. Ameolewa na kijana mmoja mrefu, mpole, ambaye kazi yake ni hapo hapo kwetu, yeye ndiye anayetoboa vibao na kwenda kuvifunga milangoni na ukutani, na kwa vile hana haraka na jambo lolote duniani wanamwita Taratibu. Anatoboa tundu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Mwanzoni sikumpenda, nilitaka mkwe mwenye maneno, lakini siku niliyomwona anafuta vumbi la plastiki kwa pumzi yake badala ya kitambaa ili asichubue rangi, nilijua huyu ni fundi. Hilo jina Taratibu ulikumbuke.

Binti ndiye aliyeleta kompyuta, na brashi zangu zikapandishwa juu ya rafu. Siku hizi herufi zinapangwa kwenye kompyuta, mashine inazikata kwenye stika, stika inabandikwa juu ya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na Taratibu anatoboa kwenye kona kwa ajili ya skrubu. Wenzangu wa umri huu wangekaa nje wakalalamika. Mimi nilijifunza. Nilikaa nyuma ya binti yangu nikatazama anabonyeza wapi, maandishi ya ile programu siyajui na wala sikuyahitaji, nilikariri mahali tu, juu kushoto, kisha chini, kisha kile kisanduku chenye mchoro wa mshale na namba kando yake. Namba nasoma bila kusaidiwa.

Hicho kisanduku ndicho chanzo, acha nikueleze. Kwenye kompyuta kuna vitufe vya mishale, ukiishika herufi ukabonyeza mshale herufi inasogea, na inasogea kiasi kile kilichoandikwa kwenye kisanduku, ukiandika namba kubwa inaruka kama chura, ukiandika ndogo inatambaa. Binti yangu anapenda iruke, kazi iende. Mimi napenda itambae. Nilimwambia, "Mwanangu, herufi si askari wa gwaride, O lazima itokeze kidogo nje ya mstari, ukiibana inaonekana imekonda."

Akasema, "Baba, mteja haoni."

Nikamwambia, "Haoni lakini inamkera, na hajui kinachomkera ni nini, hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Akacheka, akasema, "Haya, ipunguze ukitaka. Ila ukimaliza rudisha kama ulivyokuta. Mimi nabonyeza bila kutazama."

Ukimaliza rudisha. Hayo ni maneno yangu mshauri, nilimfundisha mimi alipokuwa mdogo anachezea vitu vyangu, brashi irudi kwenye kopo lake, manyoya yatazame juu, ukimaliza rudisha.

Na ni kweli hatazami. Alama ya tundu la skrubu anaiweka kwenye kona kabisa ya kibao, kisha anaiingiza ndani kwa kubonyeza mishale kwa mazoea, kama mtu anayefuma sweta, uso uko kwa mteja na mdomo uko kwenye simu, na siku zote alama inaenda kukaa pale pale panapotakiwa, mbali kidogo na ukingo. Maana plastiki ile ukiitoboa karibu na ukingo haikubali, inapasuka.

Basi tukapata kazi ya zahanati, vibao vya milango yote ya jengo lao jipya, Maabara, Daktari, Chanjo, Dawa. Binti akatoka kwenda kununua chakula. Mimi nikabaki natazama DAWA. Sijui mshauri kama umewahi kuitazama DAWA. A imeacha nafasi juu, W imeacha nafasi chini, katikati pakabaki uwazi kama jino limeng'oka, ukiitazama kutoka mbali unaona kila herufi ina nyumba yake na haziamkiani. Sikuweza kutulia. Nikakaa, nikaenda kwenye kisanduku, nikaandika namba ndogo kabisa, nikaisogeza W, nikaisogeza na A ya mwisho, kidogo, kidogo tena, mpaka zikakaa kama ndugu kwenye benchi moja. Ilikuwa nzuri. Hata leo ukienda zahanati ile ukatazama mlango wa dawa utajua kuna mtu mwenye macho alipita hapo.

Binti akarudi na chakula cha moto, nikainuka kwenda kunawa mikono. Sikurudisha.

Yeye akakaa, simu ikalia, ni zahanati wanauliza vibao viko wapi, akawa anawajibu huku anaweka alama za matundu kwa mazoea yake. Alidhani zimeruka, kumbe zimetambaa tu, zimebaki zimekumbatia ukingo. Mashine ikakata. Taratibu akachukua, akaviweka mezani, na mimi nilimsikia kwa masikio yangu haya akiuliza, "Bosi, mbona alama ziko pembeni hivi?" Binti simu iko sikioni, akapunga mkono kama anafukuza nzi, akasema, "Toboa, wanasubiri." Akatoboa.

Alirudi kutoka zahanati amebeba gunia. Kila alipokaza skrubu kona ilikatika, kibao baada ya kibao, mbele ya wauguzi. Binti alimwaga lile gunia juu ya meza akaokota vipande.

"Hivi ni vibao au ni biskuti?"

"Nimetoboa palipokuwa na alama," Taratibu akasema.

"Alama naiweka mimi. Tangu nianze kazi hii haijawahi kupasua kitu."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza nini? Lini?"

Taratibu akanigeukia mimi. Alinitazama, maana nilikuwa nimesimama pale pale siku ile. Na mimi mshauri nilikuwa na kopo la rangi mkononi nalikoroga, rangi yenyewe ilishakauka zamani, kijiti hakizunguki, lakini nikakoroga. Nikasema, "Plastiki za siku hizi mbovu."

Binti akasema, "Usimtetee, baba. Nitafungua kazi yenyewe tuone alama iko wapi." Lakini simu ikalia tena, ni muuguzi mkuu, akatoka nje kuomba radhi. Taratibu akaenda nyuma kunawa uso.

Hapo ndipo nilipofanya lile lililoniondolea utulivu. Nilikaa kwenye kompyuta upesi kuliko magoti yangu yanavyoruhusu, nikairudisha namba, nikazikamata zile alama za matundu kibao baada ya kibao, nikazisogeza mpaka zikakaa pale zinapokaa siku zote. Na nilizisogeza vizuri, maana yeye mwenyewe hakugundua. Aliporudi akafungua, akatazama, akamwita mumewe, "Njoo uone. Njoo uone mwenyewe alama ilipo."

Taratibu akainama mbele ya kompyuta akatazama kwa muda mrefu. Akaenda mezani akaokota kipande kimoja, akatazama tundu, akarudi akatazama kompyuta tena. Kisha akasema polepole, "Basi ni mkono wangu."

Vibao vilikatwa upya vikafungwa, DAWA ikiwa vile nilivyoipanga, lakini mshauri, tangu siku hiyo kijana amekuwa mtu mwingine. Kabla ya kutoboa anapima, anapima tena, anamwita mkewe aje ahakikishe, mkewe anakuja amenuna, anahakikisha, anaondoka, na bado yule kijana anasimama na drili inalia hewani haishuki. Nyumbani wanapitana ukumbini kama wapangaji. Sasa amepata kazi mji mwingine, kwenye karakana ya milango na madirisha, anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo, na binti yangu amesema aende, asiyeweza kutoboa kona ya kibao akabebe milango. Nilimkuta anafunga vifaa vyake, akanipa drili yake ndogo, ile anayoipenda.

"Baki nayo, baba. Mimi huko sitaihitaji."

"Kwani unakwenda kufanya nini huko?"

"Kubeba. Kubeba hakuhitaji mkono mzuri."

Halafu akaniuliza, bila ukali wowote, heri angeniuliza kwa ukali, "Baba, siku ile wewe hukunisikia nikimwuliza?"

Nikamjibu masikio yamezeeka. Mimi ninayesikia skrubu ikidondoka nyumba ya pili.

Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui nilikuwa nakwenda wapi. Mikono inatafuta cha kusogeza. Nasogeza vijiko mezani vilingane, nasogeza kalenda ukutani, juzi nimesimama barabarani nanyoosha kibao cha duka la mtu nisiyemjua mpaka mwenye duka akatoka kuniuliza kama nimepotea. Mke wangu amechoka. Anasema, "Chumvi naiweka hapa naikuta pale. Sufuria naiweka pale naikuta huku. Sasa na mimi utanisogeza lini?" Kisha akanitazama vile anavyonitazama, akasema, "Mzee, una kitu." Nikasema sina kitu. Akasema, "Una kitu, na kitakapotoka kitatoka na fanicha."

Utaniuliza kwa nini sisemi. Kwanza, mimi nilikuwa sahihi kuhusu W, na nikisema la kisanduku watasahau la W. Pili, nikisema, binti atafunga ile kompyuta kwa neno la siri na mimi nitabaki kufagia vumbi la plastiki. Tatu, mimi ni Mzee Mkono. Watu wanaleta watoto wao karakana waje wanione. Sasa niwaambie nini, kwamba mkono ulioharibu kazi ni huu huu?

Kwa hiyo naomba unijibu mambo mawili. La kwanza, useme hadharani kama si kweli kwamba W ilihitaji kusogezwa. La pili, unipe maneno mazuri ya kumbakiza yule kijana asiondoke, maneno ya kiutu uzima, bila kuingiza habari ya kisanduku. Binti yangu huusoma ukurasa wako kila Alhamisi kwa sauti, mama yake akisikiliza, kwa hiyo ukiandika badilisha kidogo, zahanati iwe shule, DAWA iwe neno lingine, mimi nifanye seremala. Kwa mtu mwenye akili kama yako hiyo ni kazi ndogo.

Ni mimi, Mzee Mkono, na kama umeuona mwandiko wa bahasha unajua sisemi uongo.


MSHAURI ANAJIBU

Mzee Mkono, najua unasoma polepole, kwa hiyo la muhimu nimeliweka mwanzo. Weka gazeti chini. Mwite binti yako na mumewe, wote wawili, chumba kimoja, uwaambie hivi: namba niliipunguza mimi, sikuirudisha, na alama nilizisogeza mimi ili nisijulikane. Na nilikusikia ukiuliza. Kisha rudi usome yaliyobaki.

Hujainuka. Nilijua. Basi tuendelee, lakini ujue muda unaopotea ni wa mkweo.

Nianze na hilo ulilonibembeleza kuliko yote. Nimempelekea barua yako dada anayepanga ukurasa huu unaousoma, kazi yake ni hiyo hiyo ya herufi na kompyuta. Alikaa akaandika DAWA, akaitazama, akacheka peke yake, akasema, "Huyu mzee ana macho." Kwa hiyo nasema hadharani kama ulivyotaka: W ilihitaji kusogezwa. Ulikuwa sahihi. Umefurahi? Sasa pima hiyo furaha na yule kijana aliyesimama na drili inalia hewani, uniambie ipi nzito.

Maana kusahau kurudisha namba si dhambi, mzee wangu. Ni usahaulifu, chakula kilikuwa cha moto, umri nao upo. Ungesema siku ile ile wangekukaripia, mngekata vibao vingine, mngecheka. Tatizo lako lilianza pale ulipokaa mara ya pili. Mara ya kwanza ulisogeza herufi ili kazi iwe nzuri. Mara ya pili ulisogeza alama ili mtu mwingine aonekane hajui kazi yake, na ukaisogeza vizuri, na katika barua ya kuomba msaada bado unajisifu kwamba ulisogeza vizuri. Nilisoma hapo nikaiweka barua pembeni nikaenda kunywa maji.

Unajua ulichomnyang'anya? Wewe kuliko mtu yeyote unajua. Fundi akipoteza kifaa atanunua kingine. Wewe umemfanya aione alama kwa macho yake, aone tundu kwa macho yake, na achague kati ya macho yake na mkono wake. Akaukana mkono. Mtu anayeitwa Taratibu sasa anaamini kwamba alikuwa na pupa. Amekuachia drili yake ndogo, na wewe umeipokea.

Najua unachoogopa, na kwa hilo nakuonea huruma kweli. Unaogopa kupandishwa juu ya rafu pamoja na zile brashi. Ulijifunza kompyuta kwa kukariri mahali, bila kujua neno hata moja lililoandikwa pale, na mimi ninayejifanya nimesoma nisingeweza. Hilo ni jambo kubwa na ni lako. Lakini baba yangu, ungemwuliza binti yako swali moja tu, ugomvi huu usingekuwepo. Huyu dada wa ukurasa anasema programu za namna hiyo mara nyingi zina hatua zaidi ya moja. Ile kubwa ya binti yako inakaa pale pale kwenye kisanduku haiguswi, na ile ya kutambaa unaipata kwa kushikilia kitufe kingine pamoja na mshale. Ukiachia kitufe, hakuna cha kurudisha. Kitufe kipi, binti yako atakuonyesha, au mtatafuta pamoja. Lakini wewe umezoea kuulizwa, kuuliza hujazoea.

Na binti, kama umefika hapa kabla ya baba yako, nawe nina neno. Uliulizwa. Mumeo aliona, akasimama, akauliza, na ukapunga mkono. Baba yako hakukufundisha kupunga mkono. Tangu leo alama ya tundu iandikie kipimo chake kwa namba, usiitegemee mazoea ya kidole, na mtu mwenye drili akiuliza jambo, simu isubiri.

Sasa nirudi kwako, mzee, kwenye ombi lako la pili. Umetaka nigeuze zahanati iwe shule, DAWA iwe neno lingine, wewe uwe seremala. Maana yake umetaka na mimi nikae kwenye kiti nisogeze alama, kidogo kidogo, mpaka kila kitu kionekane kilikuwa mahali pake. Nimekataa. Jina lako la mtaani nimeliacha kama lilivyo, DAWA nimeiacha, Taratibu nimemwacha. Gazeti hili linatoka Alhamisi, na wewe mwenyewe umeniambia nani atalisoma kwa sauti na nani atasikiliza. Mkweo anaondoka Jumamosi. Nilikuandikia mapema kwa anwani ya kwenye bahasha yako yenye mwandiko mzuri, nikakuambia barua itatoka kama ilivyo na kwamba uwahi kusema kwa mdomo wako. Kama uliwahi, hongera, na haya yote ni ya wasomaji wengine. Kama hukuwahi, basi binti yako sasa hivi yuko kwenye aya fulani juu ya hii, anamsomea mama yake, na sauti yake imeanza kubadilika. Inuka kabla hajamaliza.

Utakavyofanya ni hivi. Chukua kipande kimoja cha kibao kilichopasuka, najua unacho mahali, wewe si mtu wa kutupa. Chukua na ile drili ndogo. Kipande mpe binti yako, drili mrudishie mwenyewe, mkononi, usiiweke mezani. Sema yale maneno niliyokupa pale juu, hayo hayo, usiyapambe. Usiseme plastiki mbovu. Usiseme W. Kama kuna siku ya kuizungumzia W, itakuja, na huenda akawa ni mkweo atakayeitaja kwanza, lakini leo si siku yake.

Akiamua kuondoka hata baada ya kusikia, mbebee mzigo mpaka mlangoni na usimlaumu. Akibaki, usidhani umesamehewa asubuhi hiyo hiyo. Mpe kibao kipya, umpe alama, na ukae mbali akitoboa.

Na atakapoanza kusema, maana atasema, na kwa jinsi ulivyonieleza atasema polepole sana, kila neno likichukua muda wake, usimmalizie sentensi. Usisogeze kijiko, usinyooshe kalenda, usikoroge kitu. Kaa. Mikono yako iweke mapajani, ibaki hapo mpaka amalize.